Swali Moja, Jibu Moja

Mambo aliyoyadharau Zuhair hapa Malindi yalikuwa mengi, na kuyataja yote kungetuchosha bure. Aliwadharau madereva wa tuktuk kwa viatu vyao. Aliwadharau majirani zake wa Shela kwa Kitaliano chao cha kuungaunga walichokiokota ufuoni wakajiona wamesoma. Watu wa bara aliwadharau kwa Kiswahili chao, na watu wa mashambani kwa kila kitu. Lakini lililomkera kuliko yote ni jinsi watu wa pwani wanavyojuliana hali. Habari? Njema. Za nyumbani? Njema. Watoto je? Hawajambo. Na mama? Aah, mama hajambo, ila miguu tu. Na mvua huko kwenu? Robo saa imekwenda, na mtu alikuja kuuliza kama duka limefunguliwa.

Yeye alikaa Moroni, visiwa vya Komoro, kwa mjomba wake miaka saba ya ujana, akajifunza Kifaransa huko, na baadaye akajaliwa kufika Paris. Paris alikaa siku kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa ndizo alizokuwa akizitafuna mpaka leo, miaka hamsini na mmoja kichwani, mke ameshamkimbia, na nyumba ya urithi inavuja upande wa jikoni. Kisa chake kikuu kilikuwa cha mhudumu wa mkahawa aliyemjia mezani, akamtazama, akamwuliza, "Vous désirez?" Yaani, unataka nini.

"Maneno mawili!" Zuhair husema, akiinua vidole viwili. "Hakuniuliza mama yangu anaendeleaje. Wale ndio watu waliostaarabika."

Yawezekana mhudumu yule alikuwa amechoka tu siku hiyo, au alikuwa mkorofi na wenzake wote wanamjua hivyo. Zuhair hakulifikiria hilo hata mara moja.

Sasa mtu kama huyu ndiye aliyepewa kuamua riziki ya watu watatu. Ilikuwa hivi. Watalii wa Kitaliano walipopungua, hoteli moja ya njia ya Kasuarina ilifanya mkataba na kampuni ya Ufaransa iliyoahidi kuleta wageni kila wiki, mwaka mzima. Meneja, Bi Bridgit, mwanamke wa maneno machache na miwani mizito, akataka mtu mmoja wa kukaa mapokezi na kuwahudumia hao Wafaransa. Kazi yenyewe ilikuwa ya kudumu. Anayejua hoteli za Malindi anajua uzito wa neno hilo, maana huku kila mwezi wa nne, wageni wakipungua, wafanyakazi huambiwa waende makwao, na mwezi wa saba hurudi kusimama langoni kama wageni, kuomba upya kazi waliyoifanya miaka kumi.

"Nakupa wiki sita, mwalimu," Bi Bridgit alimwambia Zuhair. "Wafundishe maswali ya kila siku. Umelalaje, unataka nini, unakwenda wapi, familia haijambo. Mwisho wa wiki ya sita unawapa mtihani, unaniletea jina moja."

Wanafunzi walikuwa watatu. Adhiambo alikuwa mhudumu wa chumba cha kulia, mwanamke wa Homa Bay mwenye kicheko cha kusikika mpaka ufuoni. Dedan, kijana wa Nyeri aliyekuwa karani wa stoo, alianza kujifunza kwa simu kabla ya somo la kwanza, akaja darasani na daftari lenye mistari ya rangi tatu. Na Nzai wa Kaloleni alikuwa mbeba mizigo, mwaka wa kumi na mbili huo, mwenye umri wa miaka arobaini kasoro, mikono mikubwa na sauti ya pole. Mara kumi na mbili Nzai ameambiwa aende kwao mwezi wa nne. Mara kumi na mbili amerudi.

Somo lilikuwa katika banda la nyuma ya jiko, saa nane mchana, wageni wakiwa wamelala. Siku ya kwanza Zuhair aliandika ubaoni namna tatu za kumwuliza mtu kama amelala vizuri.

"Ya kwanza," akasema, "ni ya sokoni. Vous avez bien dormi? Unasema sentensi kama ilivyo, unainua mkia wa sauti mwishoni, basi. Ndivyo mnavyouliza nyinyi kwa Kiswahili, umelala vizuri, sauti juu, kazi imekwisha. Ya pili ni ya wavivu. Est-ce que vous avez bien dormi? Ukishapachika hiyo 'eske' mbele, sentensi yoyote inakuwa swali, hata mbuzi ataweza. Ya tatu ndiyo ya watu. Avez-vous bien dormi? Mnaona? Kitendo mbele, mtu nyuma. Hapa kwangu tutauliza kwa hiyo ya tatu."

Dedan akainua mkono, akasema simu yake inaonyesha kwamba Wafaransa wenyewe wakiwa nyumbani hutumia zaidi ile ya sokoni.

"Simu yako imetengenezwa Uchina," Zuhair akamjibu.

Kisha akawapa sauti. Ile r, aliwaambia, haikai ulimini. Inatoka kooni, jirani na gh ya ghali na ghafla, ila uipunguze ukali. Akajisifu kwamba mtoto wa mji huzaliwa nayo, hana haja ya kufundishwa. Sauti ya 'bien' nayo ipite puani, ulimi ukae pembeni upumzike. Akiisikia n, mtu amekosa. Na ile u ya 'tu', mtu atamke i huku midomo ameichongoa kama anataka kupiga mluzi. Adhiambo alichongoa midomo, akamtazama Dedan aliyechongoa ya kwake, akaangua kicheko mpaka mpishi akachungulia. Zuhair alisubiri, uso umemkunjamana, mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Lakini aliyemchosha ni Nzai. Si kwamba Nzai alikuwa mzito. Maneno aliyakamata, na alichokikamata hakikumtoka. Taabu yake ilikuwa mbili. Kwanza r yake ilijiviringisha ulimini na haikutaka kushuka kooni hata kwa dawa. Pili, hakuweza kuuliza swali moja akanyamaza. Siku ya tatu Zuhair alijifanya mgeni, akaingia bandani na mkoba, na Nzai akainuka kumpokea kwa tabasamu.

"Bonjour, monsieur. Comment allez-vous?"

"Très bien, merci," akajibu Zuhair.

"Comment va la maison?" Nzai akaendelea. "Comment vont les enfants? Comment va le travail? Comment va la pluie?"

Yaani hujambo bwana, nyumba haijambo, watoto hawajambo, kazi haijambo, mvua haijambo? Zuhair alitupa mkoba chini.

"Mvua ina afya gani, wewe?" alifoka. "Mfaransa ameshuka kwenye ndege, amekaa angani saa tisa, anataka ufunguo wa chumba, wewe unamwuliza mvua inaendeleaje? Nani amekuroga?"

"Samahani, mwalimu," Nzai akasema. "Ila huko kwetu mtu ukimwuliza mara moja ni kama hujamwuliza. Ile ya kwanza kila mtu hujibu njema. Hata kama nyumba imeungua, atasema njema. Ukishamwuliza ya pili na ya tatu ndipo anakwambia."

"Huko kwenu," Zuhair akarudia, na alivyolitamka hilo 'kwenu' ilikuwa kama mtu anayetoa unywele kwenye mchuzi.

Uongo mtupu, maana desturi hiyo ya kwao Nzai ndiyo ya kwao Zuhair pia. Mama yake mwenyewe, pale Shela, alikuwa akijibu njema hata siku alipozimia msikitini, na ilibidi jirani amwulize mara tatu ndipo akasema ameanguka. Zuhair alilijua hilo vizuri sana. Alitaka tu kulisahau, na jinsi ya kulisahau ni kumcheka Nzai.

Akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: SWALI MOJA, JIBU MOJA. Akasema hiyo ndiyo sheria ya darasa. Mtu akiuliza la pili ambalo halikuhitajika, atasimama nje dakika tano. Nzai alisimama nje mara tisa katika wiki hizo sita. Aliporudi ndani aliomba radhi, akaketi, akaandika.

Tena palikuwa na sheria nyingine: kuingia mlangoni, Kiswahili basi. Ukitaka maji, omba kwa Kifaransa. Ukitaka kutoka, omba kwa Kifaransa. Kama hujui, vumilia.

Mtihani ukafika, siku ya Ijumaa, saa tatu asubuhi. Zuhair aliketi bandani amevaa shati jeupe lenye vifungo vya fedha, karatasi tatu mbele yake, akawaita mmoja mmoja. Dedan aliingia wa kwanza. Aliuliza maswali yake kumi na mawili wima kama askari, r imetoka kooni, pua imefanya kazi, hakukosea hata moja. Hakutabasamu pia, na hakumtazama mtu usoni. Zuhair alimpa alama tisini na mbili. Adhiambo aliingia wa pili, akacheka katikati ya swali la nne, akashindwa kuendelea, akaambiwa atoke. Alitoka akakaa kwenye ndoo iliyofudikizwa chini ya dirisha.

Nzai alichelewa kidogo kuingia. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi lakini vifungo vimepishana, na simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni. Zuhair aliona vyote viwili, akaviandika pembeni ya karatasi: mchafu wa mavazi, simu.

"Bonjour. Ça va?" akamwuliza. Hujambo.

"Ça va bien, merci," Nzai akajibu. Kisha akabaki amesimama, anamtazama mwalimu wake usoni, kama anayengoja kitu.

"Unangoja nini?" Zuhair akasema. "Kaa."

"Mwalimu, nilikuwa naomba..."

"En français!" Yaani kwa Kifaransa.

Maneno aliyoyahitaji Nzai hayakuwa katika yale maswali kumi na mawili. Akaketi.

Akauliza umelala vizuri, sawa. Akauliza unataka nini, unakwenda wapi, mpaka la tisa, sawa, sawa, ila r zinaviringika kila zinapopita. Zuhair alivuta pumzi kwa nguvu ili isikike. Akaamua ampe sentensi moja ambayo r haina pa kujificha, aimalize taabu hii. Swali la kumi: Mama yako hajambo? Comment va votre mère? Na jibu lake: Ma mère va bien, merci. Mama yangu hajambo, ahsante.

"Uliza, kisha ujibu mwenyewe," akamwambia.

Zuhair akagonga meza kwa kalamu kumharakisha.

"Comment va votre mère," akasema Nzai polepole. "Ma mère va bien, merci."

"R! Ulimi huo! Tena."

"Ma mère va bien, merci."

"Na mkia wa swali umeuangusha. Swali hilo, si tangazo la kifo. Tena, yote."

"Comment va votre mère? Ma mère va bien, merci."

"Tena."

Akarudia mara ya nne, ya tano. Mara ya sita jasho lilikuwa likimtoka Nzai usoni, na macho yamekuwa mekundu, na Zuhair akajiambia kwamba hawa watu wakifundishwa kidogo tu hulia. Mara ya saba sauti ya Nzai ilikwama kooni, na huko ndiko r ya Kifaransa inakotoka. Ma mère va bien. Ilitoka safi kabisa, kama ya mtu aliyezaliwa nayo.

"Enhe!" Zuhair akasema. "Kumbe unaweza. Ulikuwa unanitesa makusudi."

Nzai akainuka. Hakuomba ruhusa kwa lugha yoyote. Alitoka, akapita mbele ya Adhiambo bila kumwona, akaelekea langoni. Maswali mawili yalikuwa yamebaki. Zuhair akaandika sifuri katika yale mawili, akaongeza chini: hana nidhamu, ametoka kabla ya kumaliza. Akakunja karatasi, akampelekea Bi Bridgit jina la Dedan, na saa nne na nusu alikuwa ameketi mkahawani anakunywa chai ya maziwa kwa raha zake.

Adhiambo alimfuata huko huko. Hakuwa akicheka, na Zuhair hakuwa amewahi kumwona bila kicheko, ndiyo maana hakumtambua mara moja.

"Mwalimu, nataka kukuuliza kitu kimoja," akasema, bado amesimama. "Ulikuwa unajua, ama hukujua?"

"Kujua nini?"

"Mama yake Nzai amekufa leo asubuhi. Kaka yake Tsuma alimpigia simu saa kumi na moja alfajiri. Mama Kahonzi. Si uliiona simu yake ikitetemeka mfukoni?"

Zuhair aliweka kikombe chini. Akauliza, "Leo?"

"Leo. Nilimkuta hapo langoni, nikamwambia aende nyumbani. Akasema kazi hii mama ndiye aliyeiombea kuliko mtu yeyote, acha nifanye mtihani kwanza ndio niende. Nikamwambia basi mwambie mwalimu. Akasema, nitamwambia, ataniuliza tu hali. Akiniuliza nitamwambia."

"Nilimwuliza," Zuhair akasema haraka. "Nilimwuliza, ça va, akasema bien. Sasa mimi nitajuaje?"

"Ulimwuliza mara ngapi?"

Zuhair akakisukuma kikombe pembeni.

"Mimi nilikuwa hapo chini ya dirisha," Adhiambo akaendelea, na sauti yake ikaanza kupanda. "Nilisikia. Mama yangu hajambo, mama yangu hajambo, mara saba! Nikafikiri amekuambia na wewe unafanya hivyo tu. Nikajiuliza huyu mtu ana roho gani. Nilitaka kuingia, nikaogopa, nikasema nikiingilia mtihani wake ataanguka. Na kumbe ulikuwa umeshamwangusha."

Watu wa meza ya pili walikuwa wamegeuka. Adhiambo akafuta uso kwa kitambaa chake cha kazini, akaondoka.

Wacha tumpe Zuhair haki yake: alishtuka. Alihisi aibu, aibu ya kweli, na chai ikamshinda kumaliza. Alirudi hotelini akamkuta Bi Bridgit anafunga mahesabu ya jiko. Akamwambia kwamba huenda, yaani si hakika, lakini huenda jina lile likahitaji kutazamwa tena.

Bi Bridgit alimtazama juu ya miwani. Habari za msiba alikuwa ameshazipata, maana Adhiambo alikuwa amepita hapo kwanza.

"Jina linakwenda Nairobi Jumatatu saa sita," akasema. "Mpaka hapo naweza kulibadilisha. Lakini siwezi kumwondoa Dedan kwa neno la mdomo. Niandikie sababu. Andika kilichotokea, mistari mitatu yatosha, utie sahihi. Nzai atapewa mtihani mwingine akirudi, na mtu mwingine ndiye atakayemtahini."

"Mistari mitatu," Zuhair akasema.

"Mitatu."

Alikwenda nyumbani akaketi na karatasi. Huyu ni mtu aliyejua namna tatu za kumwuliza mtu kama amelala vizuri. Akaandika: Siku ya mtihani mtahiniwa alikuwa na msiba. Akaisoma, akaona msomaji atauliza kama mtahini alijua. Akaandika: Mtahini hakuarifiwa. Akaona hilo ni zuri zaidi, ila Adhiambo yupo, na Adhiambo ana mdomo. Akaandika: Mimi Zuhair nilimlazimisha mtu aliyefiwa na mama yake aseme mara saba kwamba mama yake hajambo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kweli, na ilikuwa sentensi moja tu. Akaitazama na jina lake ndani yake. Akaifikiria ikifika Nairobi, ikisomwa na watu wa kampuni, ikipelekwa labda mpaka kwa Wafaransa wenyewe.

Akaichana vipande vidogo. Jumamosi alijiambia ataandika Jumapili. Jumapili alijiambia kwamba Dedan kwa kweli alimshinda Nzai, alama ni alama, na huruma haitamki r. Jumatatu alikaa chumbani akitazama saa ya ukutani ikienda mpaka sita na dakika tano, kisha akatoka kwenda kununua mkate. Dedan alianza kazi ya mapokezi Jumatano.

Zuhair akapata njia ambayo aliiona ni ya kiungwana zaidi. Atakwenda mazikoni. Mtu wa mji kufunga safari mpaka Kaloleni kumzika mama wa mbeba mizigo, hilo si dogo, na Nzai ataliona, na yatakwisha bila karatasi. Kwa hivyo Jumamosi ya pili alivaa kanzu yake nyeupe kuliko zote, akanunua sukari na majani ya chai, akashika njia ya Mavueni. Njiani alipanga maneno. Nzai atamwuliza habari za Malindi, naye atasema si njema, Nzai, si njema hata kidogo, na hapo ndipo atakapoomba radhi. Alifika juu vilimani, vumbi limemwingia mpaka kwenye ndevu, na akaona watu wengi kuliko alivyotegemea. Yalikuwa matanga makubwa, hanga kama wenyewe wanavyoita, turubai mbili, masufuria, wanawake wakiimba upande wa nyumba. Adhiambo alikuwepo na wenzake sita wa hotelini. Mama Kahonzi alikuwa ameshazikwa saa moja iliyopita chini ya minazi yake.

Nzai alikuwa akipita kwenye safu za viti kupokea wageni, Tsuma nyuma yake na jagi la maji. Alikuwa amekonda. Kwa kila mgeni alisimama, akainama kidogo, akamshika mkono, na hakuuachia mpaka wamemalizana. Zuhair aliweza kusikia.

"Habari za Mariakani, baba? Na safari? Yule mtoto alipata nafuu? Na mahindi, mmevuna chochote?"

Na mzee yule akajibu njema, na njema, na njema, na kwenye mahindi akasema, ahaa, hayo tumepoteza mwanangu, na Nzai, siku ya kumzika mama yake, akampa pole ya mahindi. Kwa Adhiambo alikaa muda mrefu zaidi. Alimwuliza safari, akamwuliza watoto wake huko Homa Bay, akamwuliza kama mguu bado unamsumbua. Adhiambo alilia, naye akamshika bega mpaka akatulia.

Ikafika zamu ya Zuhair. Alisimama, kanzu akaiweka sawa.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Mola amrehemu mama."

"Ahsante kwa kufika, mwalimu," Nzai akasema. Akapokea sukari na majani ya chai kwa mikono miwili, akampa Tsuma. Akammiminia maji kikombeni yeye mwenyewe, akampa. Kisha akahamia kiti cha pili.

"Habari za Rabai, mama? Na nyumbani? Na yule bibi, macho yake vipi?"

Zuhair alibaki amesimama na kikombe. Alidhani Nzai amepitiwa, atarudi. Akaketi, akangoja. Aliletewa wali na nyama, sahani imejaa, nyama nzuri ya kuheshimu mgeni. Hakuna aliyemkosea adabu. Watu wa pande zote mbili walikuwa wameshaulizwa mpaka habari za kuku wao, na yeye katikati hakuulizwa hata kama safari ilikuwa ndefu. Alianza kuhisi kwamba watu wanaona. Labda hawakuona. Yeye aliona, na sahani akaiacha nusu.

Jua lilipopinda, aliinuka, akamfuata Nzai aliyekuwa kando ya turubai akikunja viti.

"Nzai," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu."

"Hali yako lakini?"

"Njema."

Zuhair akasogea karibu. Akauliza habari za nyumbani, na Nzai akasema njema. Akauliza watoto, hawajambo. Akauliza Tsuma, hajambo. Akauliza kazi, akajuta hapo hapo, na Nzai akasema njema, kwa sauti ile ile ya pole aliyoijibia mengine yote. Zuhair alikuwa sasa anauliza mbio mbio, kama mtu anayejaribu funguo moja baada ya nyingine mlangoni: na minazi, na majirani, na mvua, Nzai, mvua je, huku kwenu imenyesha?

"Imenyesha," Nzai akasema.

Akangoja kwa adabu, mikono juu ya kiti alichokikunja, mpaka Zuhair akaishiwa na maswali. Hakumrudishia hata moja. Halafu mgeni mwingine akaingia uani, mzee wa fimbo, na Nzai akaomba samahani, akaenda kumpokea, na sauti yake ikasikika kutoka mbali ikimwuliza mzee huyo habari za huko atokako.